Bolti Namba Kumi na Nne

Mayu, yaani mama yangu, alikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani, na tangu tukiwa wadogo tulijua kwamba atakayeligusa bila ruhusa atafute pengine pa kulala. Siku tatu kabla ya kuanua tanga lake, mimi na mdogo wangu Holo tulilifungua ili tupange nguo zitakazogawiwa kwa ndugu. Nilitegemea harufu ya sabuni na ya vitenge vilivyokaa sana. Kilichonipiga puani ni grisi, ile grisi nzito ya chombo kipya kilichotoka kwenye boksi. Holo akasema labda ni mafuta ya cherehani. Mimi niliijua harufu ile kabla mkono haujafika chini. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kitenge kilichofungwa mafundo mawili, kulikuwa na bolti yenye urefu wa shibiri na kidogo, nati yake imekazwa mwishoni.

Holo aliuliza ni nini. Nikamwambia ni chuma cha zamani tu, nikakitia kwenye mkoba wangu na kufunga zipu. Nilimdanganya mdogo wangu wa tumbo moja, tukiwa wawili tu chumbani, tena katika msiba wa mama yetu. Sikujishangaa sana, maana ndivyo tulivyolelewa.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Bariadi, kushuku ndiko kulikoitwa kuwa na akili. Muuza sukari akipima, Baba alikodolea macho mizani, na Mayu alimkodolea macho Baba asije akapepesa. Mgeni akisifu kuku wetu, kuku walihesabiwa akishaondoka. Na juu yetu sote alikuwepo Baba mkubwa, kaka yake Baba, ambaye ukoo mzima ulimtegemea kwa kazi moja: kukagua ng'ombe wa mahari. Kwetu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini hivi hivi. Wanasimamishwa nje, anaitwa mtu mwenye jicho, anawapapasa mmoja mmoja, anawafunua meno, anawatembeza, na kila kasoro anaitaja kwa sauti mbele ya watu wa pande zote mbili. Baba mkubwa aliwahi kumrudisha mtamba kwa sababu alikohoa mara mbili. Watu walimwogopa, naye alipenda waendelee hivyo.

Sasa, Baba alikuwa akisomba pamba na mpunga wa watu kwa mkokoteni wa maksai. Maksai wenyewe walikuwa wawili, Magembe na Mbiti. Mbiti kwa Kisukuma ni fisi, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuchagua cha kula, hata kanga ya mtu iliyoanikwa ilikuwa halali yake. Hao ndio waliovuta mkokoteni wakati wa mavuno, na hao ndio waliovuta plau mvua zikianza. Halafu maguta yakaingia mjini, hizo pikipiki za matairi matatu zenye bodi ya mizigo nyuma, na Baba akaanza kuzungumza peke yake wakati wa kula. Guta moja, alisema, linakwenda mara nne wakati mkokoteni unakwenda mara moja.

Akapatana na mfanyabiashara mmoja wa mjini wabadilishane. Baba atatoa ng'ombe sita, na ndani ya hao sita wamo Magembe na Mbiti, kwa sababu yule bwana alikuwa amewaona na kuwatamani. Ila Baba aliweka masharti. Alikataa guta lililokwisha kuunganishwa dukani, akisema hawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, atajuaje kilichofungwa ndani kama hakukiona kikifungwa? Lije kwenye boksi, liunganishwe uani kwake, yeye na watu wake wakitazama. Na ng'ombe hawatoki zizini mpaka guta liwake na Baba mkubwa alikague na kulipitisha. Likishapita, ng'ombe wanaondoka siku hiyo hiyo. Yule bwana alicheka, akakubali.

Mayu hakucheka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na watu walikuwa wananoa plau. Alimuuliza Baba swali moja tu, nami nilikuwepo nikichambua mchicha. "Na shamba?"

"Tutakodi trekta," Baba akasema.

"Trekta ya nani?"

Baba alijibu kwamba trekta zipo, zinakuja. Ukweli ni kwamba mwaka uliotangulia jirani yetu aliingoja trekta hiyo hiyo inayokuja, ikafika mahindi ya wenzake yakiwa magotini. Mayu alilijua hilo, na Baba alijua kwamba Mayu analijua. Hawakuzungumza tena mpaka asubuhi, na hata asubuhi walizungumza kupitia kwangu, mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile.

Boksi lilishushwa kwenye treni pale Malampaka na kuletwa kwa lori. Pamoja nalo alikuja fundi aliyetumwa na yule mfanyabiashara, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, jina lake Majura. Alikuwa mtu wa Lamadi, wa ziwani, na kabla ya maguta alikuwa akitengeneza injini za mitumbwi. Alipofika alisema "mwangaluka" kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza salamu hiyo njiani. Mayu aliitikia bila kuinua macho. Mimi nilipiga goti kumsalimia kama nilivyofundishwa, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mtu anayefunga vifungo vyote wakati wa joto ana anachokificha.

Walipovunja mbao za boksi harufu ikajaa uani, mpira mpya, rangi na grisi, hata mbwa akapiga chafya. Fremu ilikuwa na injini yake tayari, bodi peke yake, tairi la mbele peke yake, na vitu vidogo vidogo vimejaa kwenye mifuko ya nailoni. Fundi alitandika turubai akavipanga vyote juu yake. Palikuwa na karatasi yenye michoro ya kila kipande na namba yake, na maneno ya lugha ambayo haikuwa Kiswahili wala Kiingereza. Baba aliigeuza juu chini, chini juu, akanipa mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na namba hazikunishinda.

Basi nikawa mkaguzi. Fundi aliinua kitu, nikakitafuta kwenye mchoro, nikakiwekea alama kwa kipande cha mkaa. Baba alininong'oneza kabisa sikioni, "Mwangalie mikono, usimwangalie uso." Moja, ipo. Mbili, ipo. Namba kumi na nne ilikuwa bolti ndefu inayopita katikati ya tairi la mbele na kulishika kwenye fremu. Fundi aliniwekea kiganjani nione uzito wake. "Hii ndiyo shingo ya guta," akaniambia. "Bila hii, hakuna safari." Niliipenda, ila nilimrudishia haraka asije akadhani ameshanipata. Nikaweka alama ya mkaa, kubwa kuliko nyingine zote. Mayu alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya maji kichwani. Alisikia kila neno, na wakati ule kwangu lilikuwa jambo la kawaida tu, mtu anapita na maji.

Siku ya pili ndiyo ya kazi. Fundi alifunga shokapu, akafunga bodi, akaunganisha nyaya za taa, na kila bolti alikuwa akiisemesha, haya bibi, ingia, usinitie aibu kwa wenyewe. Nilijizuia nisicheke. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, macho kodo, na nilipotaka kwenda haja nilimwita Holo anishikie zamu, ingawa Holo alikuwa na miaka minne na alilala papo hapo.

Mchana Mayu alimpa fundi michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Alikula peke yake kivulini. Nami nikaona kwa macho yangu: alitazama huku na huku, akatwaa kipande cha gazeti, akafunga kitu, akakitia mfuko wa kulia wa suruali. Kilikuwa kirefu. Sikusema kitu papo hapo, nilitaka kwanza Baba mkubwa afike, maana habari kubwa inataka msikilizaji mkubwa.

Na niliona jambo jingine mchana huo huo, ambalo nilifurahi kuliona. Fundi alipokwenda nyuma ya nyumba kunawa, Mayu alitoka jikoni na tambara, akapiga magoti kwenye turubai na kuanza kufuta vumbi kwenye vile vyuma, kimoja kimoja, taratibu. Aliponiona ninamtazama alisema vumbi la hapa litakula hata chuma. Nikaona kumbe amekubali, kumbe Mayu naye sasa analipenda guta, na nyumba itapoa. Alijifunga kanga vizuri kiunoni akarudi jikoni. Nilimtazama uso wakati huo. Baba alikuwa ameniagiza kutazama mikono ya fundi, na mikono ya mama yangu hakuna aliyeniagiza.

Jioni Baba mkubwa alifika na wazee wengine watatu. Alilizunguka guta mara mbili bila kusema. Alilipiga tairi la nyuma kofi, akasikiliza. Akainama kutazama tumboni. Alimwagiza fundi awashe taa, azime, awashe tena, kisha akasema jicho la kushoto lina ukungu, na kweli kioo kile kilikuwa na ukungu kidogo. Wazee wakaguna. Halafu akauliza mbona mnyama mwenyewe amepiga magoti, kwa sababu mbele hapakuwa na tairi, pameegemezwa gogo.

Fundi akasema lilikuwa limebaki hilo tu. Akaenda kwenye turubai kuchukua bolti. Akainua tambara, akainua mifuko, akapapasa chini ya turubai, akarudi kwenye kisanduku chake cha spana. Nilimwona jasho likimtoka kwenye ile shingo iliyofungwa vifungo. Baba aliniita nilete karatasi. Nikaonyesha namba kumi na nne na alama yangu ya mkaa. Ilikuwepo, na mimi niliishika.

"Nani alikaa na vitu hivi mchana?" Baba mkubwa akauliza.

Nikasema, "Nilimwona akifunga kitu kwenye gazeti. Akakitia mfukoni, wa kulia."

Fundi alinigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alinitazama tu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotegemea. Baba mkubwa akamwambia atoe. Akasita. Sisi tuliomzunguka tulikuwa tumelelewa kujua maana ya kusita. Mzee mmoja akamshika mkono, mwingine akavuta mfuko nje mpaka kitambaa kikaning'inia, na gazeti likaanguka likafunguka. Michembe, vipande vitatu virefu, na karanga kidogo.

"Ni ya mwanangu," fundi akasema. "Hajawahi kuila michembe."

Ungedhani mambo yangeishia hapo, lakini hukumjua Baba mkubwa. Alisema mwizi mjanja haweki ng'ombe aliyemwiba zizini kwake, bolti itakuwa imeshafukiwa mahali, aje aichukue baadaye. Walipekua majani yote kuzunguka ua. Walipekua kisanduku chake, walimvua mpaka viatu. Hawakuona kitu, na kutokuonekana huko kukahesabiwa kuwa ushahidi. Baba alimwambia aondoke na asionekane tena upande ule. Mayu alikuwa mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. Alisema neno moja, kwamba apewe maji anawe kwanza. Sauti yake ilikuwa kavu, nikadhani ni hasira kwa mwizi.

Fundi alipokwisha kushika njia, Mayu alimkimbilia na kikapu kizima cha michembe. Baba alimfokea kwamba analisha wezi. Asubuhi nilikikuta kikapu pale pale kwenye njia, kimewekwa vizuri pembeni, kimejaa siafu. Fundi hakuchukua hata kipande.

Yule mfanyabiashara alisema bolti alileta, na karatasi yangu ya mkaa ndiyo iliyomtetea. Bolti za pikipiki za kawaida zilijaribiwa zote hapo mjini, zikawa nyembamba. Ikabidi iagizwe Dar es Salaam, na kuagiza kwa siku zile hakukuwa jambo la kesho. Guta likakaa uani limepiga magoti, kuku wakalala ndani ya bodi, na ng'ombe sita wakabaki zizini kwa mujibu wa masharti. Mvua ikanyesha wiki ile ile. Mayu aliwatoa Magembe na Mbiti kabla jua halijachomoza, akawa anawaongoza mbele huku Baba ameshika plau nyuma. Tulilima mahindi, tukalima pamba, tukalima hata kile kipande cha bondeni cha mpunga ambacho kila mwaka kilitushinda. Trekta ile inayokuja sikuiona. Bolti ilipofika kutoka Dar, mahindi yetu yalikuwa yamepaliliwa mara ya kwanza, na ndipo guta likawaka, Baba mkubwa akalipitisha, na Mbiti akatoka zizini akitafuna kamba aliyofungwa. Nililia mpaka nikatapika. Mayu hakulia, alisimama akawatazama mpaka walipopotea.

Tulivuna mwaka ule. Guta nalo lilibeba pamba za watu miaka mingi, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kwa fundi mambo yalikwenda vingine. Mashineni, nikisubiri unga, nilisikia akiitwa mwizi wa bolti, na kila aliyelisema jina hilo alikuwa akiongeza chumvi yake. Hakupata tena kazi Bariadi, akarudi kwao. Kila lilipotajwa, Baba alinipiga bega kwa fahari, akisema kama si jicho la huyu mtoto. Mayu kila mara alikuwa na kitu cha kufuata jikoni.

Basi kesho yake baada ya kufungua sanduku nilimwambia Holo ninakwenda mjini, nikapanda gari la Lamadi. Kumpata fundi Majura hakukuwa kazi, ana kibanda karibu na barabara, nywele zimekuwa nyeupe, shati bado limefungwa mpaka shingoni. Alikuwa anamaliza pikipiki ya kijana mmoja, nikangoja kwenye benchi. Alipomaliza alifuta mikono, kisha akashika mifuko yake yote miwili akaivuta nje mpaka vitambaa vikaning'inia, akamgeukia yule kijana aone. Kijana akacheka, akasema fundi nawe, mambo yako hayo. Jirani muuza vocha akaniambia ndivyo alivyo, kila kazi ikiisha lazima ajipekue, wamezoea.

Nilitaka kuondoka, kusema kweli. Badala yake nilijitambulisha, nikafungua mafundo ya kitenge na kuweka bolti mezani. Hakuigusa haraka. Alisogeza kwanza kisanduku chake cha spana upande wake, mbali na mimi, ndipo akaichukua na kupitisha kidole gumba kwenye nyuzi zake.

"Ya tairi la mbele," akasema. "Ilikuwa wapi?"

"Kwenye sanduku la mama. Amefariki, keshokutwa tunaanua tanga."

Aliigeuza bolti kiganjani. "Mlilima mwaka ule?"

"Tulilima."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa hesabu iliyomshinda siku nyingi. Nikamwomba msamaha, nikapiga goti kama siku ile aliposhuka kwenye lori. Akaniambia niinuke. Akasema ninamwomba msamaha huku kibandani ambako hakuna anayesikia, na yeye mfuko wake ulivutwa nje mbele ya watu. Nikamwambia Mayu hayupo tena, nitamchafuaje mtu ambaye udongo wake haujakauka.

"Mimi bado sijafa," alisema, bila kupandisha sauti. Akaifunga bolti kwenye kitenge chake, mafundo mawili vile vile, akanirudishia.

Usiku wote sikulala. Mayu alitulisha. Aliiba, akatulisha, akakaa na chuma kile kwenye nguo zake za kanisani bila kukitupa mtoni, na kila nikijaribu kumkasirikia ninaona mahindi yale. Lakini mkono uliomchafua fundi Majura haukuwa wa Mayu peke yake. Alama ya mkaa ilikuwa yangu.

Siku ya kuanua tanga ua ulijaa. Baba mkubwa, aliyekonda sasa na anayetembelea fimbo, alisimama kama desturi ilivyo akauliza kama yupo mtu anayemdai marehemu, aseme sasa mbele ya ukoo. Wengine walikuwa wameanza kuinuka wakijua ni swali la kupita tu. Nikasimama. Nikasema yupo, yuko Lamadi, nikafungua kitenge na kuweka bolti kwenye mkeka mbele ya wazee, nikaeleza yote, kuanzia mfuko wa kulia mpaka tambara la vumbi. Niliwataja wote wawili, Mayu kwa jina lake na mimi kwa jina langu.

Baba mkubwa alitazama chini, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitaja kasoro. Baba ndiye aliyenyoosha mkono. Aliichukua bolti, akaipima uzito kiganjani, akainusa.

"Kumi na nne," akasema.

Halafu alimwomba Holo amletee viatu, akauliza kama gari la Lamadi bado linapita saa hizi.